Wosia Ambao Jumbe Hakuusia

Nianze na uongo wenyewe, nisije nikawazungusha. Mume wangu Jumbe, Mola amrehemu, hakuacha wosia wowote kuhusu mpunga. Ule wosia ambao bonde letu lote hapa Dutumi liliufuata miaka minne niliutunga mimi, Mwanamkuu, mke wake, kwa kinywa changu hiki ambacho watu wanasema hakina breki. Kwetu ni Kisarawe. Nililetwa huku kuolewa nikiwa msichana mwenye maneno, na maneno hayo sikuyaacha Kisarawe.

Sisi tunaolima kando ya Ruvu tuna kitu tunakiita kavu. Kabla masika haijaanza unamwaga mbegu kwenye udongo mkavu, unaifukia kwa jembe, unaiacha imsubiri Mungu. Ukipatia, mvua inaikuta mbegu iko chini tayari, na mto ukianza kupanda mpunga umeshakuwa na urefu wa kusimama. Ukikosea umelisha ndege. Kazi yote iko kwenye siku ya kumwaga, na siku hiyo alikuwa anaijua Jumbe.

Wala hakuwa na tarehe. Hilo ndilo walilolisahau upesi. Mwezi wa pili ukianza tu, kila asubuhi alikuwa anakwenda shambani peke yake, anapiga jembe mara mbili tatu, anatia mkono kwenye shimo, kisha anasimama pale kutazama upepo unavyolaza majani ya mtoni. Akirudi namuuliza vipi, ananijibu bado. Siku kumi nzima, bado. Majirani wamekaa mkao wa kula, mbegu ziko mlangoni, na mwenyewe anakunywa uji wake taratibu kama hana habari. Mwaka mwingine anarudi Februari haijaisha anasema leo, na hapo utawaona watu wanavyokimbia. Nilikuwa namtania kwamba ameoa udongo, mimi ni mke wa pili. Anaona nini mle shimoni, hakuwahi kueleza. Nadhani hata yeye hakuwa na maneno ya kukielezea.

Maradhi ya tumbo yalimlaza Januari ya mwaka 2022. Mwezi wa tatu ulipoingia alikuwa hawezi hata kukaa. Nyumba nzima tulikuwa tunamuuguza yeye, na mbegu yetu ilikuwa ndani ya mifuko, hatua mbili kutoka kitandani kwake, upande ambao hakuweza kugeukia. Ilikuwa mpunga ule mrefu tunaouita Shingo ya Mwali, mbegu ya baba yake. Kijana wetu Rajabu alikuwa amekwenda Maili Moja kutafuta dawa. Alasiri moja Jumbe akafumbua macho, akanigeuzia uso.

"Leo Shaabani ngapi?"

"Kumi."

"Kavu imeshamwagwa?"

"Imeshamwagwa. Yote."

Akasema alhamdulillahi. Kabla ya adhana ya magharibi alikuwa ametutoka.

Jamani, ningemwambia nini? Kwamba mbegu zimo humu ndani, panya wanazitolea macho, na mwenye kuijua siku ndiye huyo amelala hoi? Nilimdanganya kwa sababu nilimpenda na nilikuwa nimechoka, na sikufikiri hata kidogo. Lakini kumdanganya mtu anayekata roho si mchezo. Usiku wake na ule uliofuata kila nikiitazama ile mifuko nilikuwa naona aibu mpaka mwilini.

Siku ya tatu tukasoma hitma. Mimi nimo ndani, nimeshaanza eda. Kibwana, mdogo wake Jumbe, akaja nyuma ya pazia akiwa na sauti ya kulia, akaniuliza marehemu alisema nini mwisho. Ningekuwa na akili ningemjibu kwamba alimshukuru Mungu, basi, na ingekuwa kweli tupu. Mimi nilichotaka ni mbegu ile itoke chumbani kwangu iingie ardhini siku hiyo hiyo, ili nisiwe muongo sana. Nikamwambia, "Alisema kumi Shaabani kavu iwe chini."

Kibwana alitoka pale kama mtu aliyepewa amri. Sufuria za pilau hazijapoa, watu wakashika majembe. Ilikuwa Shaabani kumi na tatu, wakawa wanaona wamemchelewesha marehemu kwa siku tatu. Mpaka jua linazama nusu ya bonde ilikuwa imemwagwa. Siku ya tisa mvua ikaja, ikatulia, na mwaka huo tulivuna mpunga ambao hata madungu yetu, vile vichanja vya kuamia ndege, yalikuwa hayaonekani kwa urefu wake. Mimi bado nimo ndani, nimevaa nyeupe, nasikia watu wanapita dirishani wanamsifu Jumbe. Nikajiambia, haya, Mungu amenisitiri.

Mwaka uliofuata Shaabani ilipoingia wakaja kuniuliza kama siku ni ile ile. Hapo nilipewa nafasi ya kusema. Sikusema. Wakapanga kwamba mkono wa kwanza wa mbegu niumwage mimi, mjane wa mwenye wosia, na Kibwana asome dua. Niliona raha, sitaficha. Nilikuwa mwanamke wa kuja kutoka Kisarawe, leo bonde zima linasubiri mkono wangu.

Sasa msitucheke. Kila Mwislamu anajua kwamba mwezi wetu unarudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka. Ramadhani tumeifunga kwenye joto na tumeifunga kwenye baridi. Lakini nani alithubutu kuupigia hesabu wosia wa maiti? Jumbe kasema kumi Shaabani, ni kumi Shaabani. Kwa hiyo sisi tukawa tunarudi nyuma na mwezi, kidogo kidogo, na kila mwaka tunaona sawa tu.

Na mvua nayo siku hizi imekosa adabu. Zamani vuli ilikuwa vuli na masika ilikuwa masika. Siku hizi inakuja Februari siku mbili tatu, inakuchezea, inaotesha mbegu yako, halafu inaondoka mpaka unakaribia Aprili. Mwaka wa pili baada ya Jumbe ilifanya kinyume, ilikuja yote kwa mpigo, mto ukapanda ukalala mashambani wiki mbili. Mwaka jana ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Mbegu iliota na mvua ya kudanganya, ikapigwa na jua, tukavuna makapi. Wengine wakasema ni tabianchi, maana redio inasema kila siku. Wengine wakasema ni dhambi zetu. Jumbe hakutajwa na mtu.

Ikafika mahali Shingo ya Mwali yenyewe inakwisha. Kila nyumba ilikuwa imebakiwa na kidogo cha kukwangua, na nyumbani kwangu, tulipo mimi na Rajabu na mkewe Yasmin na watoto wao wawili, kulikuwa na debe moja. Mbegu ya dukani ipo, inakomaa haraka, lakini ni fupi. Bonde letu mto ukipanda inazama yote. Tulijua, kila mtu alijua, kwamba mbegu hii ikipotea mwaka huu, hakuna mpunga wa kupanda pale tena.

Januari hii akaja bwana shamba wetu, ambaye ni mwanamke, anaitwa Margareth. Akaniamkia vizuri, akakaa mkekani kwangu na karatasi zake, akawa ananiuliza kila mwaka tulimwaga lini na mvua ilitulia lini. Za mvua nilimpa kwa miezi ya kizungu. Za kumwaga nilimpa zote jibu moja, kumi Shaabani. Akacheka kidogo, akatoa simu, akawa anazitafuta moja moja na kuziandika. Mwaka wa Jumbe, Machi kumi na nne. Uliofuata, Machi tatu. Kisha Februari ishirini na moja. Mwaka jana, Februari kumi. Mwaka huu, akasema, itakuwa Januari thelathini. Akanigeuzia ile karatasi niione.

"Mama, mvua inachelewa kweli. Lakini na ninyi mnawahi. Kila mwaka mnazidi kuachana."

Akaniuliza tarehe hiyo nani aliwapangia. Nikamwambia marehemu mume wangu. Akafunika kalamu yake akaniambia pole. Aliniambia pia, kwa upole, kwamba siku hizi ni vizuri kutomwaga mbegu yote kwa mkupuo, umwage kidogo na nyingine uibakize mpaka uone mvua imekaa. Sikuwa namsikia. Pole yake ilikuwa imeshaniingia vibaya.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Kila siku niliamka nimeazimia kumwambia Rajabu, na kila siku nililala nalo. Yeye siku ile alikuwa Maili Moja, hakumwona baba yake akifa. Alichopata kwa baba yake ni ule wosia. Watoto wakimuuliza babu alikuwa mtu gani, anawaambia habari ya kumi Shaabani, kwamba hata roho inatoka babu alikuwa anafikiria shamba letu. Nilikuwa nawasikia nikiwa jikoni. Kumwondolea kitu hicho niliona ni kama kumzika baba yake mara ya pili, na safari hii nimzike mimi. Kwa upande mwingine kuna debe la mbegu na wajukuu wawili. Nilijikaza kisabuni, nikashindwa, nikajikaza tena.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Watu wakakusanyika kingoni mwa bonde asubuhi, kila nyumba na kidogo chake. Udongo ulikuwa mgumu mpaka jembe linaruka. Kibwana akasoma dua ndefu, akamrehemu kaka yake. Rajabu akaweka debe letu mbele yangu. Nikachota mkono wa kwanza, nikashindwa kuufungua.

Nikasema, "Jumbe hakuusia. Aliniuliza kama kavu imeshamwagwa, nikamwambia ndiyo, na mbegu ilikuwa ndani. Hayo mengine nimeyatunga mimi."

Nikawaeleza yote. Nikawaambia na hesabu ya Margareth, kwamba tukimwaga leo tunatupa. Niliongea mpaka koo likakauka. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa kurudishwa Kisarawe na umri huu. Kumbe hawakukasirika hata. Walinitazama kwa huruma, na kwa kweli huruma ile iliniuma kuliko matusi. Kibwana akanishika bega.

"Shemeji, uchungu wa mume hauna muda. Kaa kivulini upumzike."

Mwanahalima, jirani yangu, akaniletea maji. Wakasema huzuni imenipanda kichwani, na mtu aliye hai hawezi kufuta maneno ya aliyekufa. Nilimtukana Kibwana, nikamtukana na Mwanahalima na maji yake, ndiyo kabisa wakaona sina akili zangu. Kisha wakaingia shambani wakamwaga. Wote. Niliwatazama wakimwaga mbegu ya mwisho kwa sababu ya neno langu, na nilikuwa nimesimama pale pale nawakataza.

Rajabu hakumwaga. Yeye anaujua uso wangu, alijua nasema kweli. Alibeba debe letu begani tukarudi nyumbani. Alipolitua ukumbini ndipo akasema.

"Kwa hiyo baba alikufa na jibu la uongo."

Nikamwambia ndiyo. Akatoka. Tangu siku hiyo kila alichotaka kuniambia alimtuma Yasmin, na tunaishi nyumba moja.

Wiki ya pili ya Februari mvua ikanyesha siku tatu. Bonde lote likawa kijani isipokuwa kipande chetu, cheusi katikati pale, kila mtu anakiona. Watu walipita wakanipa pole kama nimefiwa. Usiniulize nilijisikiaje. Nilianza kumshuku Margareth na simu yake. Nilianza hata kujiuliza labda Jumbe alisema kweli, labda nimesahau mimi. Yasmin aliniuliza kwa woga kama si bora tumwage sasa hivi wakati udongo umelowa. Nilimkemea, na nilipomaliza kumkemea nilikwenda chumbani nikalia.

Kisha jua likaja. Lilikuja na Ramadhani, na watu walikuwa wamefunga, wanashuka bondeni bila nguvu kutazama tu. Miche ikawa njano, ikalala. Kumi la pili la mfungo lilipoanza hakuna aliyekuwa anashuka tena. Niliona Kibwana amechuchumaa shambani kwake adhuhuri nzima, kofia iko mkononi. Anayedhani nilifurahi hanijui. Nilikuwa sahihi, na ningetoa chochote nisiwe sahihi.

Mfungo huo kila asubuhi baada ya swala nilishuka na jembe nikachimba. Siku ya tatu Rajabu akaja nyuma yangu na jembe lake, bila salamu, akachimba shimo lake hatua kumi kutoka langu. Tulikuwa tunachimba, tunatia mikono, tunasimama, tunarudi nyumbani. Hatukusemezana. Jumbe aliona kitu mle. Mimi niliona udongo. Mara umekauka mpaka chini, mara una ubaridi kidogo kiasi cha kiganja, na ubaridi huo una maana gani sijui.

Siku ya nne baada ya Idi wakaja nyumbani, Kibwana na wanaume watatu, wamevaa kanzu na kofia kama wanaposa. Nikawatandikia jamvi. Rajabu akasimama mlangoni. Kibwana alizunguka kwanza na habari za afya, kisha akasema wamekaa, wamelitafakari jambo, wamelielewa. Kwamba kaka yake amenijia kwa ndoto akanibadilishia siku, na mimi kwa kuona haya kwamba wosia umegeuka ndiyo nikazua habari ya kudanganya. Kwamba hawana kinyongo. Walikuwa wameishiwa mbegu, ndani kwangu kulikuwa na debe zima, na hilo kwao lilikuwa ushahidi tosha.

"Sasa tuambie, shemeji. Safari hii amekupa siku gani?"

Nilimwona anavyonitazama. Hakuwa ananitega. Alikuwa anaomba. Na jibu nilikuwa nalo karibu kabisa mdomoni, kwa sababu tarehe yoyote ningetaja wangeipokea. Wangeinuka pale na nguvu mpya. Mkono wa kwanza ungerudi kuwa wangu. Na pengine mvua ingeangukia humo humo, kama ilivyoangukia mwaka ule, nani ajuaye. Rajabu pale mlangoni alikuwa hawaangalii wao. Ananiangalia mimi.

"Hajanijia," nikasema. "Hajanipa siku. Mimi siijui, Kibwana."

Mmoja akauliza basi watajuaje. Nikawaambia kwamba mimi na Rajabu tunachimba kila asubuhi na bado hatujajua. Nikawaambia maneno ya Margareth, wamwage nusu, wabakize nusu, na kila mtu ashuke aangalie shamba lake mwenyewe. Nilisikia ninavyosema na niliona jinsi ilivyo kidogo. Watu walikuja kuchukua siku, nawapa jembe.

Ndipo Rajabu akasema, "Mama, wapimie." Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu Ijumaa ile. Akaleta debe, akaleta na pishi, tukagawa mbegu ya baba yake mbele yao, pishi moja moja kila nyumba, na sisi tukabaki na sawa na wao. Walipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyeomba dua.

Wenzake walitangulia kutoka. Kibwana alichelewa kuinuka, alikuwa anafunga mbegu yake kwenye kitambaa, anaifunga na kuifungua tena. Mwishowe akasema, taratibu, hana hasira hata chembe:

"Shemeji, bora ungeendelea kutudanganya."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, mimi sikosi maneno. Lakini alikuwa amenigeuzia uso kabisa, anasubiri labda nibadilishe, na uso ule nilikuwa nimeshauona. Ndio alionigeuzia kaka yake alasiri ile kitandani. Nikanyamaza mpaka akaondoka.